Mwanangu ameitwa akakimbie huko Marekani: je, Formula 1 ndiyo basi?

SWALI: "Mwanangu ana miaka 18. Sisi ni watu wa Mombasa lakini tunaishi Dubai tangu akiwa mdogo, na huku ndiko alikoanzia gokati. Amekimbia misimu miwili ya Formula 4 na mmoja wa Formula Regional hapa Ghuba, tukawa tumejipanga aende Ulaya, Formula 3, ngazi mbili chini ya Formula 1. Sasa timu moja ya Marekani imemwita akajaribu gari la Indy NXT, ngazi iliyo chini ya IndyCar ambayo ndiyo michuano mikuu ya huko, pale Indianapolis, kwenye njia yenye kona za kulia na kushoto, si ile ya mviringo. Dereva mzoefu wa timu alimshinda kwa sekunde moja na nusu. Amerudi mikono inamuuma, haongei sana, na akiongea ni kusema 'labda mimi si dereva'. Timu bado inamtaka na wakala anatuhimiza tusaini. Baba yake anasema huko ndiko wanakokwenda walioshindwa, na kwamba akienda huko, Formula 1 ndiyo basi. Hiyo sekunde moja na nusu ina maana gani? Na akienda, ataweza kurudi?"

JIBU: Mama, nakusalimu wewe na nyumba yako. Umeuliza mambo mawili, lakini la tatu nalisikia chini yake: kijana ana kipaji au hana? Nianze na hilo, maana ndilo linalomnyamazisha. Sekunde moja na nusu siku ya kwanza, katika gari ambalo hajawahi kulikalia, juu ya matairi asiyoyajua, dhidi ya mtu anayelikalia gari hilo mwaka mzima, si hukumu ya kipaji. Cha kuuliza ni alianza siku akiwa nyuma kwa kiasi gani na aliimaliza akiwa nyuma kwa kiasi gani. Kama asubuhi zilikuwa sekunde tatu na jioni ikabaki moja na nusu, timu imeshaona ilichokuwa inakitafuta, na ndiyo maana bado inapiga simu. Ningeingiwa na wasiwasi kama pengo lingekuwa lilelile kutwa nzima.

Watu hudhani dereva anayehama michuano anahama na ujasiri wake, na mengine ni usukani uleule na kanyagio zilezile. Anachohama nacho hasa ni kumbukumbu iliyomo mguuni, viganjani na kiunoni: tairi huanza kuteleza lini, hutoa onyo gani kabla ya kuteleza, na likishateleza hurudi kwa upole au kwa kishindo. Kumbukumbu hiyo alijengewa na gari fulani na tairi fulani, kona kwa kona, kwa miaka. Ni kama mpishi wa jiko la mkaa aliyekabidhiwa la gesi: kupika anajua, moto ndio hajaujua.

Chukua kona ya kwanza tu ya pale Indianapolis. Njia ile hutumia barabara kuu iliyonyooka mbele ya majukwaa, lakini magari huipita kwa upande ulio kinyume na ule wa mbio za mviringo, kisha hufunga breki kwa nguvu na kuingia kulia. Mwisho wa mnyooko ule, hewa inayopita juu ya mbawa na chini ya sakafu inalikandamiza gari kwenye lami kwa nguvu kubwa. Nguvu hiyo hufuata mraba wa kasi: kasi ikishuka hadi nusu, mkandamizo unabaki robo. Kwa hiyo anayelijua gari hukanyaga breki kwa nguvu zake zote mwanzoni kabisa, hewa ikiwa bado inamsaidia, kisha anaachia kidogo kidogo kadiri kasi inavyoshuka, mpaka anaingia kwenye kona mguu ukiwa unagusa tu. Asiyelijua huanza kwa kupapasa. Akiona gari limeshika vizuri anaongeza, na pale anapoongeza ndipo hewa imeshamkimbia. Tairi linafunga, yaani linaacha kuzunguka huku gari likiendelea kwenda, anaachia kwa ghafla, pua ya gari inakataa kugeuka. Hapo zimekwenda sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde. Kona nzito za namna hiyo zikiwa kadhaa katika mzunguko mmoja, sekunde moja na nusu umeipata.

Na kumbuka ametoka wapi. Gari la Formula 4 lina nguvu za farasi zisizofika 200, la Formula Regional lina 270 hivi, na la Indy NXT takribani 450. Halafu kuna tairi. Formula 3, Formula 2 na Formula 1 zote hutumia matairi ya Pirelli, na tairi hilo likisumbuliwa linapata joto na kulegea, hivyo madereva wa Ulaya hufunzwa mapema kulibembeleza na kubakiza akiba. Indy NXT na IndyCar hutumia Firestone, ambalo kwa jumla huvumilia kushambuliwa mzunguko baada ya mzunguko. Mtu anayetoka kwenye kubembeleza huacha muda barabarani bila kujijua. Anayetoka kwenye kushambulia akaenda kubembeleza huua tairi katika mizunguko michache, na hilo ndilo gumu zaidi kulirekebisha, kwa sababu anahisi yuko kasi wakati saa inamkana.

Mikono isiwe hoja ya kuchagua Ulaya. Magari ya Formula 1 yana pawa stering, mfumo unaoufanya usukani uwe mwepesi, lakini ya Formula 3 na Formula 2 hayana, sawasawa na Indy NXT na IndyCar. Mkandamizo wa hewa ukiongezeka na matairi yakipanuka, usukani unakuwa mzito popote duniani. Maumivu haya angeyakuta Ulaya vilevile.

Sasa la baba yake. Nalielewa, maana sisi wengi tulikua tukiiona langalanga kuwa ni Formula 1 peke yake na mengine yote ni mabaki. Lakini mtazame Marcus Ericsson wa Uswidi. Alikimbia Formula 1 kuanzia 2014 hadi 2018, mbio 97, akaondoka na pointi 18 tu. Mwaka wa kwanza alikuwa Caterham, timu iliyoishiwa pesa kabla msimu haujaisha. Baada ya hapo Sauber. Mwaka 2019 akavuka kwenda IndyCar. Kule Nashville 2021, mwanzoni mwa mbio, gari lake lilimgonga dereva mwenzake Sébastien Bourdais kwa nyuma, likaruka hewani na kutua kwa matairi yake. Akatengenezewa gari, akarudi barabarani, akashinda mbio hiyo. Mei 2022 akashinda Indianapolis 500, mbio kubwa kuliko zote za IndyCar, akiwa amebakiwa na mizunguko miwili baada ya mbio kusimamishwa, huku mpinzani wake Pato O'Ward akimpumulia kisogoni naye akiyumbisha gari kushoto na kulia kwenye mnyooko ili asimpe upepo wa kumvuta.

Hakugeuka mtu mwingine ghafla. Katika Formula 1 kila timu hujijengea gari lake, kwa hiyo matokeo hupima kiwanda na dereva kwa pamoja, na kiwanda ndicho chenye uzito mkubwa. Katika IndyCar wote wanakalia bodi ya kiwanda kimoja, Dallara, injini ni Honda au Chevrolet, na timu hutofautiana zaidi kwa shoki, mipangilio ya gari na akili ya mikakati. Ila usiache kuona hili pia: ushindi wake wa kwanza ulikuja 2021, msimu wake wa tatu. Dereva aliyekuwa na mbio 97 za Formula 1 mgongoni alihitaji misimu mizima kuijenga upya ile kumbukumbu ya mguuni. Mwanao siku moja inatosha vipi?

Na anayedhani njia inakwenda upande mmoja tu, kwamba wa Formula 1 hushuka na wa Marekani hawawezi kupanda, asome miaka ya tisini. Nigel Mansell alikuwa bingwa wa Formula 1 mwaka 1992, akaenda Marekani na kuwa bingwa wa CART, michuano mikuu ya huko wakati ule, mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1993 Michael Andretti, bingwa wa CART wa 1991, alikwenda timu ya McLaren ya Formula 1 kukaa karakana moja na bingwa Ayrton Senna. Aliendelea kuishi Marekani na kuvuka bahari kwa ndege kwa ajili ya mbio. Mizunguko ya mazoezi ya wikiendi ilikuwa imewekewa kikomo, na gari lilijaa mifumo ya kielektroniki ambayo hakukulia nayo. Alipata nafasi ya tatu Monza, Italia, na hiyo ikawa mbio yake ya mwisho katika Formula 1. Miaka miwili baadaye Jacques Villeneuve alishinda Indianapolis 500 na ubingwa wa CART wa 1995, timu ya Williams ya Formula 1 ikamchukua, wakamzungusha kwenye majaribio majira yote ya baridi, maelfu ya kilomita. Mbio yake ya kwanza, Melbourne 1996, alianza nafasi ya kwanza na kumaliza wa pili. Mwaka 1997 akawa bingwa wa dunia.

Sisemi kilichowatofautisha Andretti na Villeneuve ni majaribio peke yake. Williams ya 1996 ilikuwa gari bora kuliko yote ya mwaka ule, na McLaren ya 1993 haikuwa. Lakini kila nikitazama madereva waliohama vizuri na waliohama vibaya, kilomita za kabla ya mbio ya kwanza ndizo ninazozikuta. Alex Zanardi alikuwa bingwa wa CART mara mbili mfululizo, 1997 na 1998, akaenda Williams mwaka 1999 akakuta matairi yenye mifereji ambayo Formula 1 ilikuwa imeyalazimisha, akamaliza msimu bila pointi hata moja. Kipaji chake hakuna aliyekitilia shaka.

Timu nayo huhama au hukwama pamoja na dereva. Fernando Alonso, bingwa mara mbili wa Formula 1, alikwenda Indianapolis 500 mwaka 2017 akiwa na gari lililoandaliwa na timu ya Andretti, wanaoijua njia ile tangu zamani. Aliongoza mizunguko 27 kabla injini haijakata zikiwa zimebaki 21. Akarudi 2019, safari hii McLaren wakiwa wamelibeba jukumu wenyewe, na hakufuzu hata kuanza mbio. Bosi wao mwenyewe alikiri kwamba hata gia zilipangwa kwa kasi ndogo kuliko uwezo wa gari. Mtu ni yuleyule, mviringo ni uleule wa kilomita nne. Kwa hiyo kabla hamjauliza Marekani au Ulaya, ulizeni injinia gani atakayekaa na kijana, amewahi kumpokea dereva mgeni mara ngapi, na waliopita mikononi mwake wako wapi leo.

Kuhusu kurudi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mlango upo, lakini ni mwembamba. Anayetaka kuendesha Formula 1 lazima awe na leseni kuu ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na moja ya masharti yake ni kukusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu. Watatu wa kwanza wa Formula 2 hupata 40 kila mmoja, bingwa wa IndyCar 40, bingwa wa Formula 3 30. Bingwa wa Indy NXT, michuano mnayoitiwa, amekuwa akipewa 15. FIA hulirekebisha jedwali hilo mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee maneno ya wakala; liombe shirikisho la nchi lililotoa leseni ya mwanao likuonyeshe toleo la mwaka huu. Utaona mwenyewe kwamba ngazi ya Marekani haimlipi dereva pointi za kutosha mpaka afike juu kabisa, na afanye vizuri huko.

Colton Herta ndiye mfano wa karibu. Alishinda mbio ya IndyCar akiwa na miaka 18, mdogo kuliko mshindi yeyote wa michuano hiyo. Mwaka 2022 Red Bull walimtaka kwa ajili ya timu yao ya AlphaTauri, ikashindikana kwa sababu pointi za leseni hazikufika. Kwa msimu wa 2026 alikubali kuiacha IndyCar na kwenda Formula 2, katikati ya vijana wadogo kuliko yeye, akiwa amefungamana na timu mpya ya Cadillac, ili atafute pointi na ajifunze Pirelli. Na tangu Bourdais, bingwa mara nne mfululizo wa Champ Car, michuano iliyorithi CART, aingie timu ya Toro Rosso ya Formula 1 mwaka 2008, hakuna aliyetoka msimu kamili wa juu wa Marekani akakabidhiwa moja kwa moja kiti cha kudumu cha Formula 1. Baba wa mwanao ana haki ya kuliogopa hilo.

Lakini Formula 1 ina viti 22 tu kuanzia 2026, na dereva lazima ale. Álex Palou wa Hispania hakupata mlango Ulaya, akaenda Japani, akawa wa tatu katika Super Formula, michuano mikuu ya huko, mwaka 2019, akavuka tena kwenda IndyCar mwaka 2020. Kufikia mwisho wa 2025 alikuwa bingwa mara nne, 2021, 2023, 2024 na 2025, na mshindi wa Indianapolis 500 ya 2025. Analipwa kuendesha. Vijana wengi Ulaya huacha mbio pesa za familia zinapokwisha.

Maoni yangu basi. Kama mwanao anashikiliwa na akademia, yaani mpango wa kulea madereva vijana, ya timu ya Formula 1 inayochangia gharama, abaki na Formula 3, na Indy NXT isubiri. Kama mnalipa wenyewe, na pesa mlizonazo zinatosha msimu mmoja tu wa Formula 3 katika timu ya katikati, ningemshauri aende Marekani, kwa sharti kwamba muwe na bajeti ya misimu miwili. Msimu mmoja wa kuhama ni wa kujifunza. Anayekwenda na pesa za mwaka mmoja hurudi nyumbani wiki ileile alipoanza kuelewa. Formula 3 nayo inaadhibu wageni vikali zaidi kuliko watu wanavyofikiri: mazoezi ni kipindi kimoja kifupi, kisha mchujo wa kupanga nafasi, na mashindanoni yapo magari kama thelathini.

Ovali, yaani njia za mviringo, zisiwatishe kuliko inavyostahili, wala msizichukulie kirahisi. Siku akifika IndyCar, kwenye mviringo wa Indianapolis wageni hupitishwa kwenye hatua tatu za kasi, kuanzia kama kilomita 330 kwa saa, na mgeni hapandi hatua hadi wasimamizi waridhike. Atakuwa na mtu juu ya jukwaa anayemwambia kwa redio nani yuko ndani yake na nani yuko nje, maana kioo hakitoshi. Afundishwe pia kuachia usukani kabla ya kugonga ukuta. Bila pawa stering, gurudumu likigonga, usukani huzunguka kwa kasi inayovunja vifundo vya mikono na vidole gumba. Hili ni la kufanyiwa mazoezi mpaka mwili ulifanye wenyewe.

Maumivu ya mikono na shingo ya siku mbili tatu baada ya jaribio ni kawaida. Lakini kama vidole vinakufa ganzi, kama hawezi kufungua kifuniko cha chupa kama zamani, au maumivu yamepita wiki, mpeleke kwa daktari wa michezo akamshike mkono na kumpima. Maandishi yangu hayawezi kufanya kazi hiyo. Kama aligonga kitu siku ile, hata kwa wepesi, na tangu hapo ana maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usingizi uliovurugika au huo ukimya unaousema, mpeleke leo na asikalie gari lolote, hata gokati, mpaka daktari amruhusu. Na maneno kama "labda mimi si dereva" yakizidi wiki mbili, au akiacha kula na kuona marafiki, atafutiwe mwanasaikolojia wa kukaa naye ana kwa ana.

Wakala anayeharakisha, mwache asubiri. Mkataba usomwe na mwanasheria wa michezo mnayemlipa ninyi, asiwe wake. Atazame humo siku za majaribio zilizoandikwa kwa idadi, nani analipa gari likivunjika na hadi kiasi gani, haki ya nani kuongeza mwaka, na mlango wa kutokea. Palou mwenyewe, pamoja na ubingwa wake, mwaka 2022 timu mbili zilimtangaza kuwa ni wao siku moja, na mgogoro wake na McLaren ukafika Mahakama Kuu ya London mwaka 2025. Viza ya kufanya kazi ya mbio Marekani nayo ni ya mwanasheria wa uhamiaji, ianze mapema.

Kabla ya yote hayo, iombeni timu mambo mawili: siku ya pili ya majaribio, na mchoro wa data wa breki zake kona ya kwanza ukiwekwa juu ya ule wa dereva wao. Akae nao na injinia, hata kwa video. Wa dereva wao utaonekana umepanda wima kama ukuta kisha unateremka taratibu. Wake nadhani utapanda kwa mteremko na kukatika ghafla. Aende siku ya pili akiwa na kazi hiyo moja tu, kuubana mguu mwanzoni, asitazame saa kabisa hadi mchana.